Pistoni Wanne Waliokuja Kudai Nyumba

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba injini niliyoifunga jana imekuja kunibishia hodi.

Si gari. Injini peke yake, imesimama kizingitini saa nne asubuhi, imepangusa mafuta na kufunga mkanda wake wa feni vizuri. Nikasema karibu. Ndotoni nina adabu ambazo mchana sina.

Ngoja kwanza nieleze jana ilikuwaje, usije ukanionea huruma nisiyostahili. Mimi ni Agripina Kihwele, fundi wa magari. Gereji yangu iko Ipogolo, Iringa, na chumba ninacholala kiko nyuma yake. Mwalimu Sekunda Mhapa, aliyenifundisha hesabu darasa la tano, ana kile kigari cha zamani cha mgongo wa duara, injini nyuma, kisicho na rejeta wala tone la maji, kinachopozwa kwa upepo tu. Kilikuwa kinakula oili, akaniletea.

Nikaifungua injini. Injini ya namna hii ina silinda nne zinazojitegemea, kila moja imevaa mapezi yake ya kutoa joto, na kila moja ina pistoni wake aliyesagana nayo miaka nenda rudi. Ukiwatoa, kila pistoni lazima arudi kwenye silinda yake. Hilo analijua hata muuza spea.

Mimi niliwaandika namba kwa chaki. Moja, mbili, tatu, nne, mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikawaosha wote kwenye beseni moja la petroli. Walitoka safi, wanang'aa, hawana namba, na hakuna aliyekuwa tofauti na mwenzake. Venia, ile rula ya chuma yenye taya za kupimia, ninayo. Ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa hatua sita kutoka niliposimama. Lakini nilikuwa nimekwisha kujigamba mbele ya Mwalimu kwamba jicho langu ni venia tosha, na mtu akishajigamba anaona uvivu kutembea hatua sita. Nikawachagua kwa macho, nikafunga injini, nikairudisha kwenye gari.

Jioni Mwalimu akapiga simu. "Umepima, Agripina?"

"Nimepima, Mwalimu."

Leo Jumamosi alikuwa aje asubuhi kuchukua gari, ashuke nalo Kitonga mpaka Morogoro na mama yake, Bibi Tulinave, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye Jumatatu anatolewa mtoto wa jicho. Kitonga ni ule mteremko ambao hata dereva wa lori mwenye mdomo mchafu huushuka kimya. Gari likifia pale, huna pa kusogea. Nililijua hilo nilipokuwa nikisema nimepima. Nikala wali maharage, nikalala.

Basi injini akaingia, akakaa kwenye kochi, juu ya kitambaa changu cha kufuma. Nikamletea maji ya kunywa.

"Mimi na maji wapi na wapi," akasema.

Nikaomba radhi, nikafungua dirisha. Halikutosha. Nikachukua ungo nikaanza kumpepea, maana nikiacha tu alikuwa anaiva uso. Kwa hiyo mazungumzo yote yaliyofuata niliyafanya nikiwa napepea, na mtu anayepepea hana mkono wa kujitetea.

"Sikuja peke yangu," akasema. Akafungua vifuniko vyake, wakatoka pistoni wanne, kila mmoja amevaa ringi zake tatu kifuani. Wakajipanga mstari mbele ya kabati la vyombo.

"Shikamoo," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba."

"Tumekuja kuuliza majina yetu," akasema wa mbele. "Mimi nani?"

"Wewe ni Moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Jana mchana uliniita Tatu."

"Mimi ndiye uliyeniita Moja," akasema wa nyuma. "Nilifurahi. Nikajua nimepandishwa cheo."

"Sikilizeni," nikasema, "mimi nimepima."

Nilipolitamka neno hilo sketi yangu ikashuka kidogo kiunoni. Nikaipandisha, nikaendelea kupepea. Pistoni wote wanne walikuwa wameiona, wakatazama pembeni kwa ustaarabu.

Nikageuka kumvutia injini mto, na nilipogeuka tena chumba kilikuwa ofisi ya vitambulisho. Ukutani kuna bango: PIMA KWANZA, SEMA BAADAYE. Kuna dirisha la kioo, na nyuma ya dirisha kuna karani. Karani ni venia. Ni mrefu, wa chuma, ana taya mbili, na tai yake ameibana kwenye taya ya chini.

Foleni ilikuwa ndefu, na wote waliopanga walikuwa na mshale juu ya kichwa. Hiyo si ajabu. Pistoni huwa na mshale kichwani, na unapomfunga lazima mshale uelekee flaiwili, lile gurudumu zito mwisho wa injini. Pale ofisini flaiwili alikuwa amekaa kwenye kiti cha meneja, anazunguka taratibu, na foleni nzima ilikuwa imemwelekea.

"Wewe mwenye ungo," karani akaniita. "Mshale wako umeelekea mlangoni."

Nikajipapasa utosini. Kweli nilikuwa nao, umechongwa vizuri.

"Nilikuwa naangalia saa," nikasema.

"Saa iko ukutani mbele yako."

Nikageuka mbele.

"Jina?"

"Agripina Kihwele, fundi."

"Kazi sijakuuliza. Njoo upimwe."

Nikainamisha kichwa kumpa akishike. Karani akafunga taya zake, akaniangalia kama Mwalimu Sekunda alivyokuwa akiliangalia daftari langu.

"Nani amekufundisha kupimia kichwani?"

"Ndipo panapofikika kirahisi."

"Kichwani pistoni ameumbwa mwembamba makusudi," akasema, bila haraka, na foleni yote ikatulia isikilize. "Huko ndiko anakopokea moto. Akipata moto anatanuka. Ukimpimia huko utamwona mdogo, utampa nyumba ndogo, na siku akipata moto atakwama humo. Pistoni anapimwa chini, kwenye sketi. Upande usiopita pini, kile kichuma kinachompenya ubavu hadi ubavu. Mikono juu."

Nikainua mikono, na ungo nikauinua nao. Akanishika kiunoni kwa taya zake baridi.

"Milimita mia tatu na kumi kwa mapana," akasoma. Akanizungusha. "Mia mbili na ishirini mbele kwenda nyuma. Wewe si duara."

"Sijawahi kudai kuwa duara."

"Pistoni naye si duara, na hajawahi kudai. Ndiyo maana anapimwa, hakisiwi. Huo wali maharage nao unajionyesha."

Nyuma yangu pistoni mmoja akakohoa kidogo. Walikuwa wanacheka, nawajua, wakijitia hamnazo.

Wao wakapimwa mmoja mmoja, kiunoni. Kila mmoja akagongwa muhuri kichwani: kitone cha rangi ya buluu au ya waridi cha kuonyesha kundi lake la ukubwa, na alama ya kujumlisha au ya kutoa ya kuonyesha uzito. Aliyepata alama ya kutoa akasononeka. Nikamwambia siku hizi wembamba ndio mtindo. Akaniuliza mbona mimi siufuati.

"Na silinda zao je?" karani akauliza. "Umezipima?"

"Nimepima."

Sketi ikashuka tena, na mara hii kidevu changu kikawa sawa na meza ya karani. Zamani kidogo meza ilikuwa tumboni kwangu.

"Silinda inasagika kwa upendeleo," akasema. "Ukipima sehemu moja umepima upande inaotaka uuone. Umepima juu, katikati na chini?"

"Nimepima kote," nikasema, na sasa dirisha lilikuwa juu yangu, na sauti yake ilikuwa inatokea darini.

"Kila ukisema hivyo unasagika milimita kadhaa," sauti ikasema. "Si adhabu. Ni kanuni tu. Wapeleke hawa makwao, umebakiwa na kidogo."

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nililifikiria. Ila kulikuwa na foleni nyuma yangu, na watu wa foleni wanasikia kila kitu. Nikaufunga mdomo, nikasukuma mlango.

Tunatoka nje, na nje ni Kitonga. Jua limewaka. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na ukingoni mwa lami zimesimama nyumba nne za duara, za chuma, kila moja imezungukwa na vibaraza vyembamba kutoka chini mpaka juu. Hazina dirisha. Mlango uko juu, usawa wa lami.

Naupiga mlango wa kwanza kofi. "Hodi hapa."

"Nani?" nyumba inauliza, kwa sauti ya mama mwenye mji wake.

"Nimekuletea pistoni wako."

"Mwingize."

Anaingia, anafika nusu, anakwama.

"Huyu ananibana," nyumba inasema. "Mtoe kabla hatujapata moto sote wawili."

Ninamvuta kwa miguu. Namwingiza mwingine. Anashuka vizuri, lakini akifika chini anaanza kugonga kuta, kwa, kwa, kwa, huku anaomba samahani kila akigonga.

"Na huyu ananipwaya," nyumba inasema. "Ni wa jirani. Wangu nimekaa naye kilomita laki mbili, naujua ubavu anaouegemea. Fundi, unaniletea mume wa mwenzangu saa tano hii ya asubuhi?"

"Mlikuwa mmefanana," nasema.

"Hatukufanana. Hukuangalia."

Hapo nikanywea.

"Nafasi kati yangu na wangu haifiki unene wa unywele," nyumba inaendelea. "Ng'oa mmoja, upitishe."

Najing'oa mmoja. Nyumba inaunusa.

"Huu wa dukani."

Kweli, nilikuwa nimesuka. Natafuta wangu mwenyewe shinani, nang'oa, machozi yananitoka. Pistoni wa tatu anajaribiwa. Unywele hauingii. Anakaa sawa, anashuka, anapanda, na nyumba inashusha pumzi. Pistoni huyo ananiaga kwa heshima na kuuliza kama sasa yeye ndiye Moja. Namwambia ndiye. Hiyo ni mara ya kwanza katika ndoto nzima nilipolitaja jina nikiwa najua ninachosema, na niliona raha kuliko nilivyotarajia.

Tukaenda hivyo. Nyumba ya pili ikapata wake. Ya tatu ikapata wake. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, nakwambia, dakika chache na nywele tatu. Amebaki wa nne, na nyumba ya nne imefunguliwa, inasubiri.

Ndipo nikasikia gari linapanda.

Ni kigari cha Mwalimu Sekunda, kinatoka bondeni. Injini alikuwa bado kochini kwangu, kwa hiyo sijui kilikuwa kinapandishwa na nini, lakini ndotoni sikuona haja ya kuuliza. Mwalimu ameshika usukani kwa mikono miwili. Pembeni yake Bibi Tulinave amejifunga kitambaa cheupe kichwani, macho yake yana ukungu, amepakata mfuko wa nguo za hospitali. Gari linasimama. Bibi anashusha kioo.

"Kamwene," anasema, salamu ya kwetu.

"Kamwene, Bibi."

"Ni nani?"

"Mimi Agripina, fundi wa gari lenu."

"Mbona sauti inatoka chini?"

"Nimechutama, Bibi."

Sikuwa nimechutama. Nilikuwa nimesimama wima, na kichwa changu kilikuwa sawa na kitasa cha mlango wa gari.

"Mwanangu," akasema, akatoa mkono nje kunitafuta, akaupapasa upepo juu yangu. "Sekunda anasema nikitoka huko nitamwona kitukuu changu uso. Sijamwona bado, nimemshika pua tu. Gari hili litanifikisha?"

"Litakufikisha."

"Umepima?"

Mimi ni mtu mwenye hasira za karibu, nagombana na wateja, nagombana na spana. Lakini huyu bibi hakuwa na ugomvi wowote. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Pistoni wa nne alikuwa ananitazama, nyumba ya nne inanitazama, Mwalimu ananitazama.

"Nimepima, Bibi," nikasema.

Nikapungua kwa mara ya mwisho. Nikateleza ukingoni, nikatumbukia ndani ya nyumba ya nne, na mlango ukafungwa juu yangu.

Ndani ni giza na joto. Nimevaa ringi tatu kifuani. Pini imenipita kiunoni, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kwa mbali nasikia pistoni wenzangu wanaitana kwa mpangilio wa kazi: "Moja!" Halafu kimya kidogo, halafu wananielekezea mimi: "Nne!" Moto unalipuka juu ya kichwa changu. Nashuka, napanda. "Tatu! Mbili! Moja! Nne!" Moto tena. Gari linapanda Kitonga, na ninayelipandisha ni mimi.

Pistoni wa nne wa kweli amekaa kwenye kibaraza nje, anakula hindi la kuchoma.

"Pini yangu inacheza," nikamwambia kupitia ukutani.

"Pini inashikwa na klipu mbili," akasema akitafuna. "Vijiduara vya waya. Kimoja upande huu, kimoja upande ule. Pistoni wanne, klipu nane. Hesabu zako."

Nikajipapasa. "Upande wa kushoto sina."

"Hata sisi tuliona huna."

"Iko wapi?"

"Tulitegemea wewe utuambie."

Pini ikaanza kusogea. Kila nikipanda inatoka kidogo, na kila nikishuka ncha yake inakwaruza ukuta. Nyumba haikupiga kelele. Ilisema tu, kwa upole, "Unanichana, fundi," na iliendelea kusema hivyo kila nilipopita.

Nje nikasikia sauti ya Bibi Tulinave: "Sekunda, gari hili linanung'unika."

Na sauti ya Mwalimu, yenye imani tele, ikamjibu: "Tulia, mama. Agripina amepima. Nilimfundisha mwenyewe."

Hapo niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Moto ulikuwa kichwani, lakini kilichoniunguza ni yale maneno. Nikapiga ukuta kwa mikono yote miwili nikaita, "Sikupima! Mwalimu, simama, sikupima!" na gari likasimama, na mimi nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumepambazuka. Shavu la kushoto lilikuwa linaniuma. Nikajitazama kiooni. Lilikuwa na alama nyekundu ya kijiduara kisichokutana ncha zake.

Nikarudi kitandani, nikatazama juu ya mto. Klipu ilikuwa pale, kwenye mkunjo wa kile kitambaa ninachofunga kichwani kazini na ambacho nililala nacho kwa uchovu, kikateleza shavuni. Moja. Ina mafuta bado.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeishika kwa vidole viwili. Nikasikia bajaji inasimama nje, kisha hodi. Mwalimu Sekunda amevaa viatu vya safari. Nyuma yake Bibi Tulinave, kitambaa cheupe kichwani, mfuko mkononi.

"Kumekucha, Agripina," Mwalimu akasema. "Liko tayari?" Akasogea karibu. "Shavu limefanyaje?"

Kulikuwa na maneno mengi ya kupita nayo pembeni. Nayajua yote, ndiyo ya kazi yetu. Nikafungua kiganja.

"Mwalimu, hii inatakiwa iwe ndani ya injini yako. Na jana nilikudanganya. Sikupima."

Alinitazama, na mimi nikamtazama, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuelekea. Nikasema nikianza sasa hivi, kesho mchana litakuwa limekamilika, na wakiondoka hapo hapo wanafika Morogoro kabla ya Jumatatu. Nikasema kwa kazi hii sidai kitu.

Aliyejibu ni Bibi. "Nisogezeeni kiti," akasema. "Mimi sioni, lakini nasikia. Hizo namba za kupima, uzisome kwa sauti."

Nimeishusha injini na kuifungua. Silinda ya nne, upande wa kushoto, pini ilikuwa wazi, na kwa zile dakika kumi tu nilizoiwasha jana ukuta ulikuwa umepata mkwaruzo mmoja mwembamba. Nimetembea hatua sita kwenda kabatini. Nimemshika pistoni wa kwanza kiunoni, upande usiopita pini, Mwalimu yuko begani kwangu na Bibi yuko kwenye kiti, mikono juu ya mfuko.

"Themanini na tano, nukta nne nane," nikasoma.

"Rudia," akasema Bibi Tulinave.

Nikampima tena.